Fahamu Tofauti Kati ya Magadi, Beking Soda na Beking Pauda

Magadi, beking soda na beking pauda hupatikana katika masoko na maduka mengi nchini, na baadhi ya wapishi huzitumia kwa kubadilishana. Bidhaa hizo si kitu kimoja, na kutozitofautisha kunaweza kudhuru afya ya mlaji.

Je, magadi na beking soda ni kitu kimoja?

Hapana. Beking soda ni baikaboneti ya sodiamu iliyosafishwa. Magadi ya asili, kama yale ya Ziwa Natron mkoani Arusha, huchanganya baikaboneti hiyo na kaboneti ya sodiamu, ambayo ni kali zaidi. Magadi ya baadhi ya maeneo pia yana floridi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto yangali yakikua.

Je, beking pauda ina tofauti gani?

Beking soda huumua unga inapokutana na asidi, kwa mfano mtindi au maji ya limau, kwa kuwa hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Pasipo asidi ya kutosha, keki huwa na ladha ya sabuni. Beking pauda tayari ina asidi kavu ndani yake, hivyo huhitaji majimaji na joto pekee.

Je, ni sahihi kulainisha maharage kwa magadi?

Magadi hulainisha maganda na kuokoa kuni au mkaa, lakini huharibu vitamini B1. Kuloweka maharage usiku kucha hupunguza muda wa kupika bila kutumia magadi.

Je, beking soda hutibu kiungulia?

Hupunguza asidi tumboni kwa muda tu. Kijiko kimoja cha chai, chenye takribani gramu 5, kina zaidi ya miligramu 1,300 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku. Wajawazito, wenye shinikizo la juu la damu na wagonjwa wa figo wanashauriwa kumwona kwanza mtoa huduma za afya.

Aidha, wananchi wanakumbushwa kutohifadhi jikoni kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Nayo ni nyeupe, lakini huunguza ngozi, macho na koo. Kila bidhaa ibaki katika chombo chenye jina lake, mbali na watoto.