Pikapu ya Kikundi Inatetemeka: Tuanzie Wapi?



Mmechanga, mmekopa, na mwishowe mmenunua pikapu iliyokwisha tumika ya kupeleka mboga sokoni. Kwenye murram hapa kijijini inaenda vizuri tu. Lakini ikiingia lami na kufika kilomita 80 kwa saa, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Fundi mmoja anasema, "Badilisha propela." Mwingine, "Nunua tairi nne mpya." Mweka hazina anashika kichwa!

Hebu ngojeni kwanza. Ugonjwa huu una dalili zake. Muulizeni dereva maswali matatu.

1. Inatetemeka wapi?
Kama ni usukani, angalieni magurudumu ya mbele. Kama ni kiti na sakafu lakini usukani umetulia, angalieni ya nyuma, ama propela.

2. Inatetemeka wakati gani?
Ikianza kati ya kilomita 80 na 100, hata bila kukanyaga breki, mara nyingi magurudumu yanahitaji kubalansiwa. Ikitetemeka akishika breki tu, chunguzeni diski na drami za breki. Ikitetemeka akikanyaga mafuta na kutulia akiachilia, chunguzeni propela na krosi zake.

3. Ilianza lini?
Baada ya kupita matopeni? Matope yaliyokauka ndani ya rimu yanatosha kutetemesha gari. Baada ya kuziba pancha? Huenda kile kichuma kidogo cha kubalansi kimeng'oka, ama nati hazikukazwa. Baada ya kugonga shimo? Huenda rimu imepinda.

Anzeni na kazi isiyo na gharama

- Egesheni gari mahali tambarare, vuteni handibreki, wekeni mawe magurudumuni.
- Osheni rimu ndani na nje.
- Kazeni nati zote. Ukikaza moja, ruka ukakaze ya upande wa pili, sio kufuatana.
- Pimeni upepo tairi zikiwa baridi.
- Pitisheni mkono juu ya kila tairi. Likiwa na uvimbe, litoeni siku hiyo hiyo na kufunga speya, kwa sababu linaweza kupasuka njiani.
- Kama tairi zote ni za saizi moja, hamisheni za mbele ziende nyuma. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kiti, basi kasoro iko kwa magurudumu, sio kwa propela. Pelekeni yabalansiwe.

Wengi hukimbilia alainimenti. Hiyo ikiharibika huvuta gari upande na kula tairi, lakini ni mara chache itetemeshe gari.

Mkimaliza hayo na bado inatetemeka, ndipo fundi ainue gari kwa jeki, atikise gurudumu moja moja. Likicheza, huenda ni beringi, boli-jointi ama tairodi.

Jihadharini! Mtetemo ukija ghafla ama ukizidi haraka, dereva asimame kando mara moja. Gurudumu lenye nati zilizolegea laweza kutoka gari likikimbia, na huko nyuma kuna mazao na pengine watu wetu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Nani kati yetu hukagua nati na tairi, na siku gani?
2. Kabla ya kununua gari, je, tulilijaribu kwenye lami, ama tulizunguka sokoni tu?