Swali la Kidato cha Tatu Lililofika Chuo Kikuu

Mwalimu wa Tanzania hakosi semina. Ataitwa kwenye semina elekezi ya mtaala, semina ya sensa, semina ya kusimamia uchaguzi. Atasaini karatasi ya mahudhurio, atapewa kalamu na daftari, atasomewa slaidi ukutani, na jioni atauliza posho inatoka lini. Sizibezi semina hizo. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, bila maelekezo ya namna hiyo tungeshika vitabu tusijue vinataka nini kwetu. Lakini mwalimu anayetoka humo anajua zaidi kuhusu taratibu, na somo lake analijua kama alivyolijua juzi. Ninayotaka kuieleza hapa ni semina nyingine kabisa: mhadhiri wa chuo kikuu anakaa na walimu wachache wa shule juu ya mada moja, yeye akileta kina cha somo, wao wakileta darasa, na mwisho kila mwalimu anaondoka na vipindi alivyoviandika mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wake.

Nafundisha kemia katika sekondari ya kata wilayani Chato. Wilaya yetu ilikuwa katika mkoa wa Kagera hadi mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Mbele yetu ni Ziwa Victoria, nyuma yetu mashamba ya pamba na mahindi, na kuelekea Buseresere na Katoro kila mtu ana ndugu anayefahamu bei ya gramu ya dhahabu. Darasani kwangu mtoto wa mvuvi anakaa dawati moja na mtoto wa mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu.

Kidato cha Tatu wana mada ya namna metali zinavyopatikana kutoka kwenye mawe. Kitabu kinaeleza tanuru la chuma na namna sodiamu inavyopatikana kwa umeme. Ni mambo ya kweli na mtihani wa taifa unayauliza. Siku moja, nikiwa nachora tanuru ubaoni, binti mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. "Madam, dhahabu ikichomwa, zebaki huwa inaenda wapi? Baba anasema inaisha." Darasa zima likageuka kunitazama. Wavulana ambao huwa wanasinzia kipindi cha saa nane waliamka.

Nilijibu kwamba haiishi, inageuka mvuke. Hilo liko kwenye kemia yoyote. Yaliyofuata ndiyo yalinizidi: mvuke unakwenda umbali gani, unatua wapi, samaki anauchukuaje, na kwa nini wachimbaji wanaendelea kutumia kitu chenye sumu wakati wanasikia kila siku kwamba ni sumu. Katika sekondari nyingi za kata mwalimu wa kemia ni mmoja. Nimuulize nani? Mwalimu wa Kiswahili ni rafiki yangu sana, lakini hapo hana msaada kwangu.

Serikali imeliona tatizo hili la mwalimu kubaki peke yake. Kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania: walimu wanakutana shuleni kwao au kwenye kituo cha walimu cha kata, wanajadili vipindi vigumu, wanatembeleana darasani. Ninaupenda mpango huo kwa sababu unamwamini mwalimu kuwa anaweza kujifunza kwa mwenzake. Ila wote tukiwa hatujui jambo, kukutana kwetu hakutalileta. Mafunzo mengine yanashuka kwa ngazi: wataalamu wanafundisha wawezeshaji wa taifa, hao wanafundisha wa mkoa, wa mkoa wanafundisha wa wilaya, na hatimaye yanafika kwangu kama chai iliyoongezwa maji kila alipoingia mgeni. Pengo liko pale pale, kwa mtu aliyelisoma somo lenyewe kwa kina na ambaye mwalimu anaweza kumuuliza ana kwa ana.

Kwingine wamelijaribu kwa njia ninayoiona bora. Huko New Haven, nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Yale na shule za umma za mji huo walianzisha taasisi ya walimu mwaka 1978, na inaendelea hadi leo. Walimu wenyewe wanazunguka shuleni kuuliza wenzao wanahitaji kujifunza nini. Maprofesa wanaletewa maombi hayo, na anayeweza anaandaa semina. Kundi linakuwa dogo, linakutana kwa miezi kadhaa, na kila mwalimu anaandika mfululizo wa masomo kwa ajili ya darasa lake mwenyewe. Profesa hamfundishi mwalimu mbinu za kufundisha, kwa kuwa katika hilo mwalimu ana uzoefu kuliko yeye. Anamfundisha somo. Hapo ndipo heshima inapokaa sawa pande zote mbili.

Semina niliyohudhuria mimi ilikuwa ndogo zaidi ya hizo za Yale, na ilifanyika Mwanza wakati wa likizo. Mhadhiri wa kemia alituandikia mapema akitaka kila mmoja aje na swali moja la mwanafunzi wake, kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Mimi nilibeba la yule binti. Wakati huo daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado linajengwa, kwa hiyo tulikaa kwenye foleni ya kivuko tukisubiri pamoja na malori ya samaki. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, na kwa mwalimu wa Chato chuo kikuu kimesogea. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998 na ambacho kimetoa walimu wengi wa kanda hii.

Maswali yaliwekwa mezani, na zebaki ikachaguliwa ianze. Asubuhi yote Dokta alitupeleka polepole. Zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Inaikamata dhahabu na kufanya nayo donge laini la rangi ya fedha. Inachemka kwenye nyuzi 357, wakati dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064, kwa hiyo donge likiwekwa motoni zebaki inaondoka na dhahabu inabaki. Mvuke ukipoa unatua: kwenye bati la nyumba, kwenye udongo, kwenye nywele za anayechoma. Ikifika majini, bakteria wanaigeuza kuwa aina nyingine ya zebaki inayoingia mwilini kwa urahisi zaidi na kujikusanya kadiri samaki mkubwa anavyokula wadogo. Samaki wenye zebaki ya aina hiyo ndio waliowaumiza watu wa Minamata, Japani, na ndiyo sababu mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 unaitwa kwa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Kisha ikawa zamu yetu. Dokta aliuliza kama wachimbaji huwa wanamwaga mchanga uliokwisha kuoshwa. Mwalimu mmoja wa upande wa Geita akacheka: nani amwage marudio? Yanauzwa. Wenye mitambo ya sianidi wanayanunua, wanayaloweka na kutoa dhahabu iliyobaki. Dokta akaacha kuandika ubaoni, akafungua daftari lake na kuandika alichoambiwa. Akatueleza kwamba mchanga wenye zebaki ukitiwa sianidi, zebaki inayeyuka na kusafiri na maji kwa wepesi zaidi, na mkataba wa Minamata unautaja mtindo huo miongoni mwa ile mibaya inayopaswa kukomeshwa. Yeye alikuwa na kanuni ya kemia, sisi tulikuwa na habari ya marudio yanakouzwa.

Mchana tulitengeneza kipindi. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayepeleka zebaki darasani, kwa hiyo tulitafuta kitu cha kuiwakilisha. Tulichukua mrututu, ule wa buluu uliopo karibu kila maabara ya shule, tukauyeyusha kwenye maji na kuuchemsha kwenye neli iliyozibwa kizibo chenye mrija. Ncha ya pili ya mrija iliingia kwenye neli tupu iliyosimama ndani ya kopo la maji baridi. Maji yakachemka, mvuke ukapita, na matone yakaanza kudondoka upande wa pili. Matone yalikuwa meupe kabisa, buluu yote ikabaki ilikotoka. Mrututu unaobaki ni dhahabu, mvuke unaonaswa ni zebaki, na chombo hicho chote ni kifano cha retoti, kifaa ambacho mchimbaji akikitumia haivuti zebaki na tena anaiokoa kwa matumizi mengine. Ukiuchomoa mrija ukaacha mvuke utoke nje, umeonyesha kinachotokea leo kwenye jiko la mkaa uani.

Nilirudi na vipindi vinne vilivyoandikwa, pamoja na andalio la somo, maswali ya mazoezi na mchoro. Nilipovifundisha, yule binti ndiye aliyeshika mrija. Siku chache baadaye baba yake alikuja shuleni, si kulalamika. Aliniamkia na kuniuliza, "Mwalimu, hicho kitu fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza?" Tulikaa naye chini ya mwembe nikamchorea. Ni wazi kwangu kwamba hakuna slaidi ambayo ingemfikisha pale.

Yapo ya kurekebisha. Cheti cha semina kama hii hakina uzito unaoeleweka kwenye kupanda daraja, na mkuu wa shule mwenye mwalimu mmoja wa kemia hawezi kumruhusu wakati wa muhula. Nauli ilitoka mfukoni mwetu. Njia nyepesi, kwa maoni yangu, ni mhadhiri mmoja kuja Chato kuliko walimu ishirini kwenda Mwanza. Chuo Kikuu Huria kimefundisha walimu walio kazini tangu miaka ya 1990, na huko nyuma, baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi hii iliandaa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, vijijini kwao kwa redio na masomo ya posta. Kumfuata mwalimu alipo si jambo geni kwetu. Wala safari kati ya darasa na chuo si ngeni Chato: Hayati Rais John Magufuli, mzaliwa wa hapa, alifundisha kemia na hisabati Sengerema Sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980 kabla ya kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Sasa walimu wa kata yetu wanakusanya maswali ya semina ijayo. Wa jiografia anataka kujua kwa nini ziwa lilipanda mwaka 2020 hadi kumeza mialo, na kama litapanda tena. Wa historia ameleta linaloniwasha mimi pia. Warongo wa Buzinza, watu wa ardhi hii hii, walifua majembe yaliyouzwa mbali kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na jirani zetu wa Buhaya waliyeyusha chuma kwa ustadi ambao watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliuandikia katika jarida la Science mwaka 1978. Tanuru ninalochora ubaoni kila mwaka ni la Ulaya. Tumeamua kuandika swali hilo pamoja, yeye kwa historia na mimi kwa kemia: udongo gani, mkaa wa mti gani, mivukuto mingapi, na joto lilifika nyuzi ngapi. Tunatafuta mhadhiri wa akiolojia atakayekubali kuja kukaa nasi wiki moja ya likizo ya Juni.