Swichi ya ukutani haitoshi: Hatari za kubadilisha taa za mrija

Kijana huyo aliletwa kliniki saa mbili usiku, amebebwa na majirani wawili. Kwenye ncha ya kidole chake cha shahada palikuwa na kidonda kidogo cheupe, ambacho mtu angedhani ni cha moto wa sigara. Lakini kilichowafanya majirani wapige mbio ni mguu wake, kwani mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Alikuwa amesimama juu ya meza dukani mwake, akiondoa taa kuukuu za mrija ili atie zile za LED, stima ikamrusha.

"Lakini daktari, mimi nilizima swichi," aliniambia mara tatu.

Na alisema kweli. Alizima swichi ya ukutani. Kumbe fundi aliyeweka nyaya za jengo lile aliiunganisha swichi hiyo kwenye waya wa nyutro badala ya waya wenye moto. Swichi ya aina hiyo huzima taa, lakini moto hubaki umejaa ndani ya fremu ukimngojea mwenye kutia mkono. Mkono wake wa kulia uligusa waya na wa kushoto ulikuwa umeshika chuma cha fremu. Stima ikapita kutoka mkono hadi mkono, yaani katikati ya kifua, ulipo moyo.

Mpenzi msomaji, huenda nawe unafikiria kufanya kazi kama hiyo mwishoni mwa wiki. Sababu za kufanya hivyo ni nzuri. Mrija wa zamani wa futi nne hula wati 36, na ukiongeza zile zinazopotea katika choki unakaribia wati 45. Mrija wa LED wa urefu huo hula wati 18 hivi. Aidha, mirija ya zamani inaelekea kutoweka madukani. Ina zebaki, na mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata yalikubaliana mwaka 2023, kwa pendekezo lililotoka kwa nchi za Afrika, kukomesha utengenezaji na uuzaji wake nje kufikia mwisho wa mwaka 2027.

Kuna mirija ya LED ambayo haihitaji kukata waya wowote. Kama taa yako ina choki ya chuma na stata, mrija huo huuzwa pamoja na stata yake ya bandia. Unazima stima, unatoa mrija na stata ya zamani, unaweka mipya, basi. Kwa mtu asiye fundi, hii ndiyo njia ninayoipendekeza.

Aina ya pili ndiyo inayoniletea wagonjwa. Hapa choki huondolewa na stima ya volti 240 hupelekwa moja kwa moja kwenye holda. Baadhi ya mirija hii hupokea waya wa moto na wa nyutro katika ncha moja tu. Mingine hupokea moto ncha hii na nyutro ncha ile, na hii ina mtego wake: ukiingiza ncha moja kwenye holda huku stima ikiwaka, vijiti vya ncha ya pili, ambavyo pengine umevishika kwa vidole, vinaweza kuwa na moto. Ndiyo maana ni muhimu kusoma karatasi iliyo katika boksi. Mchoro wa mrija wa jirani yako si lazima uwe mchoro wa mrija wako.

Nilipata funzo langu mwenyewe juu ya jambo hili. Fundi alibadilisha taa za kliniki, akalipwa, akaenda zake bila kuandika chochote kwenye fremu. Miezi kadhaa baadaye mrija mmoja ukafa. Mfanyakazi wetu akaona mrija wa zamani stoo, akaupachika. Volti 240 zikapita kwenye uzi mwembamba wa ndani, pakatokea mmweko, mrija ukapasuka na vigae vikamwagika kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa. Bahati nzuri kitanda kilikuwa kitupu. Siku hizi kila fremu kwetu ina kibandiko kinachosema: LED PEKEE, USIWEKE MRIJA WA ZAMANI. Dai kibandiko hicho kwa fundi wako kabla hujamlipa, na umwulize kama ana leseni ya EPRA, mamlaka inayowapa mafundi wa stima vibali vya kazi.

Kama ni lazima ufungue fremu, zima stima kwenye swichi kuu, si ya ukutani, na umwambie kila aliye nyumbani asiiguse. Halafu pima nyaya kwa testa, baada ya kuijaribu testa hiyo kwenye soketi unayojua ina moto. Testa iliyokufa hukuonyesha kwamba kila mahali pako salama. Simama juu ya ngazi imara. Viti vya plastiki na meza zinazoyumba vimenipa kazi nyingi ya kuunganisha mifupa.

Wengi hawafahamu jinsi kiasi kidogo cha stima kinavyoua. Miliampea 10 hivi hukaza misuli ya mkono kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kuachilia waya. Zikiongezeka kidogo na kupita kifuani, moyo huacha kudunda na kuanza kutetemeka ovyo, na damu haiendi popote. Kwa sababu hiyo vile vifaa vinavyojikata vyenyewe stima inapovuja hutengenezwa vikate ifikapo miliampea 30. Kama nyumba yako haina kifaa hicho, fedha utakazookoa kwa LED zitumie hapo kwanza.

Ukimwona mtu amenaswa, usimshike. Zima swichi kuu. Ikiwa iko mbali, msukume kwa mti mkavu au fagio lenye mpini wa mbao, nawe umesimama pakavu. Kisha mtazame kama anapumua. Kama hapumui, mtu mmoja apige simu 999 au 112, na wewe uweke viganja katikati ya kifua chake ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita tano au sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka mpaka msaada ufike. Usimmwagie maji, na usipoteze wakati kumzika miguu mchangani. Aliyezirai, anayehisi maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio, na mama mjamzito, lazima wafike hospitali hata kama wanasema wako sawa. Kidonda kidogo cha nje kinaweza kuficha nyama iliyoungua ndani.

Na mrija wa zamani ukivunjika? Zebaki iliyomo ni miligramu chache, hivyo hakuna haja ya kutaharuki. Toa watoto, fungua madirisha, ngoja dakika 10 au 15. Usifagie, maana utatawanya unga. Zoa vigae kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki uliguse kwa gundi ya karatasi, kisha utie vyote katika chupa yenye kifuniko.

Wazee wengine husema kidonda cha mrija hakiponi. Imani hiyo ina asili yake: zamani unga wa mirija ulikuwa na madini ya berili, yaliyowadhuru hasa wafanyakazi wa viwandani. Watengenezaji wa Marekani waliacha kuyatumia mwaka 1949. Leo, osha kidonda kwa maji mengi na uje uchomwe sindano ya pepopunda.

Kuna faida moja ambayo wauzaji hawaitaji. Mrija wenye choki ya chuma hupepesa mara 100 kwa sekunde, na utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1989 ulionyesha kwamba wafanyakazi wa ofisi walipowekewa taa zisizopepesa hivyo, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho yalipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini LED za bei ya chini pia hupepesa. Kabla ya kununua, mwombe mwenye duka auwashe mrija, uutazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi ikipita, rudisha.