Anayeshika nauli ndiye anayeshika timu

MADIMBA, Mtwara. Wengi wanaijua Madimba kwa gesi. Tangu mwaka 2015 kiwanda cha kuchakata gesi asilia kinafanya kazi hapa, na bomba linaisafirisha hadi Dar es Salaam. Gesi inasafiri bila shida. Timu ya kijiji ikitakiwa kwenda kucheza Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini, hapo ndipo kasheshe linapoanza: gari analipa nani, na nani anapanda?

Viongozi wa klabu za ngazi hii hawana mshahara, wanajitolea. Fedha ni za kuchangishana, mchezaji anatoa chake, mwenye duka anaongeza, na korosho zikianza kuuzwa wadau wanakumbukwa. Michango isipotosha, mwenyekiti anaingia mfukoni mwake.

Kuanzia hapo, kauli inakuwa yake. Kikao kinaitishwa siku anayotaka yeye, hata kama nusu ya wanachama wako baharini au shambani. Kwenye gari wapambe wanapata viti, beki wa kushoto anaambiwa afuate na bodaboda kwa nauli yake. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Gharama yake inaonekana uwanjani. Kwa kanuni za ligi zetu, timu isipotokea mpinzani anachukua pointi 3 na mabao 3 bila kutoa jasho.

Tatizo hili si la vijijini tu. Mwaka 2016, mrusha mkuki wa Kenya, Julius Yego, akiwa bingwa wa dunia, alifika uwanja wa ndege kwa safari ya Olimpiki ya Rio akakuta tiketi yake haipo. Wakati huohuo kulikuwa na malalamiko kwamba watu wasiohusika wamegharamiwa. Yego alifika Rio hatimaye, akarudi na medali ya fedha. Sakata la fedha za msafara ule likaishia mahakamani.

Tanzania ina Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT) ya mwaka 1967, na klabu inayosajiliwa inatakiwa iwe na katiba. Shida ni kwamba katiba nyingi zinaandikwa kwa ajili ya usajili, kisha zinafungiwa kabatini.

Mambo machache yakiandikwa humo yanakata mzizi wa fitina. Tarehe za vikao zipangwe mwanzo wa msimu, na wanachama wa idadi fulani waruhusiwe kuitisha kikao mwenyekiti akigoma. Orodha ya wachezaji wanaosafiri aitoe kocha. Fedha za nauli zitoke kwa saini mbili, ya mweka hazina na ya katibu, na matumizi yasomwe kwenye kikao kinachofuata.

Na mwenyekiti aliyetoa fedha zake? Huyo asidharauliwe, bila yeye pengine timu isingetoka kijijini. Ashukuriwe mbele ya wote, na kabla ya safari iandikwe wazi kama alichotoa ni mchango au mkopo. Mkopo arudishiwe. Mchango haumpi haki ya kuchagua nani apande.

Hayo yamalizwe ratiba haijatoka, maana gari likishawashwa hakuna anayesoma katiba.