Mtoto Anayechora Kwenye Daftari la Hesabu

Mwalimu amekuita shuleni. Daftari la hesabu la mwanao limejaa picha za mbuzi na kunguru. Kabla hujashika fimbo, soma habari za Thomas Bewick.

Bewick alizaliwa mwaka 1753 kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima mwenye machimbo madogo ya makaa ya mawe. Shuleni, kijana huyo alijaza picha pembezoni mwa vitabu vyake. Karatasi ilipokosekana, alichora kwa chaki kwenye mawe ya makaburi, na jioni kwenye sakafu ya nyumbani kando ya moto. Alikemewa, lakini hakuacha. Rafiki mmoja alimhurumia akampa karatasi. Rangi aliipata kwa kukamua matunda ya porini.

Alipofikisha miaka 14, alipelekwa mjini Newcastle kwa fundi wa kuchonga nakshi, Ralph Beilby, akawa mwanagenzi kwa miaka saba.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Bewick alichukua kipande cha mti mgumu kilichokatwa kukingama shina, akachonga kwa vifaa vyembamba vya mafundi wa nakshi za madini. Palipochongwa palitoka peupe. Palipoachwa palishika wino. Ubao huo ulipigwa chapa pamoja na herufi, hivyo picha na maneno vilikaa ukurasa mmoja.

Mwaka 1790 kilitoka kitabu chake cha wanyama wa miguu minne. Kilichomsukuma ni kwamba tangu utotoni hakuridhika na picha mbovu za wanyama katika vitabu vya watoto. Vitabu vyake vya ndege vilifuata mwaka 1797 na 1804.

Ukivitazama, utaona jambo moja. Mbwa, kondoo na ndege wa kwao, aliowazoea, wanaonekana hai. Wanyama wa mbali, ambao wengi aliwatoa katika picha za wengine, hawana uhai ule. Jicho lililozoea kitu ndilo lililoongoza mkono.

Basi mzazi, hesabu zifanywe, hilo halina mjadala. Lakini mpe mwanao daftari la pili, lisilo na mistari. Mkalishe karibu na banda la kuku, umuulize: vidole vya kuku ni vingapi, na vinaelekea wapi? Achore alichokiona, si alichokikariri.