BATA BUKINI: Mtazame usoni kabla hujatoa pesa!

Umechoka na kuku, sasa roho inataka bata bukini azurure uani, majirani wakome! Sawa, lakini kaa chonjo usije ukaingizwa mjini. Siri iko usoni.

Bukini mweupe anaweza kuwa Embden wa Ujerumani au Mchina. Tazama pale mdomo unapokutana na paji la uso. Ana nundu? Huyo Mchina: shingo nyembamba, kelele nyingi, mlinzi hodari. Hana nundu, macho ya bluu, mwili mzito? Embden huyo, wa nyama.

Wa kijivu nao wana mambo yao. Toulouse wa Ufaransa hana nundu. Yule aitwaye Mwafrika anayo, na ngozi inamning'inia chini ya taya. Jina lisikuzuge: asili yake ni Asia, ndugu yake Mchina.

Shida iko kwa vifaranga. Nundu huchelewa kuota, na dume na jike wanafanana. Ukinunua wawili unaweza kujikuta na madume matupu, unasubiri mayai mpaka unazeeka! Kama ndio unaanza, nunua wakubwa, tena muuzaji awakague jinsia mbele yako.

Chakula? Majani mabichi ndiyo ugali wake, hivyo kama uani kwako ni saruji tupu, achana naye. Bwawa si lazima, ila maji yawe na kina cha kuzamisha kichwa kizima. Jike huatamia siku 30 hivi, na wakati huo dume hana urafiki na mtu. Ukimsogelea, shauri yako!