KITI KITUPU HAKINA GHALA
Mafunzo ya kiangazi katika ukumbi wa maonyesho yana somo kwa kila mwenye duka

Wiki hii tunaweka kando bei za nafaka na hisa, tuitazame bidhaa ambayo haiwezi kuwekwa ghalani: kiti cha ukumbi wa maonyesho. Mwuza nyanya asiyeuza leo anaweza kujaribu tena kesho asubuhi, hata kama ni kwa hasara. Mwuza viti hana kesho. Onyesho likishaanza, kiti kilichobaki kitupu hakina bei tena.

Kwa sababu hiyo idara ya masoko ya ukumbi wa namna hii ni shule ya biashara, na kila mwaka vijana wa vyuo vya Marekani huomba nafasi za mafunzo humo wakati wa likizo ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti.

Tuchukue mfano wa Wolf Trap, huko Vienna katika jimbo la Virginia, karibu na Washington. Hii ni hifadhi ya taifa iliyotengwa kwa ajili ya sanaa za maonyesho. Mama Catherine Filene Shouse alitoa ardhi ya shamba lake, Bunge la Marekani likaipokea mwaka 1966, na ukumbi mkubwa uitwao Filene Center ukafunguliwa mwaka 1971. Una nafasi za watu wapatao 7,000, wengine chini ya paa na wengine kwenye nyasi. Msimu wake ni Mei hadi Septemba, kwa hiyo mauzo lazima yapatikane katika miezi michache. Taasisi inayoendesha maonyesho hayo imepokea wanagenzi kwa miaka mingi, wakiwemo wa masoko.

HESABU YA KITI

Kazi ya mwanagenzi katika idara kama hiyo si ya kubeba chai. Kila asubuhi husoma taarifa ya dirisha la tiketi: jana vimeuzwa viti vingapi, vya onyesho lipi, na mnunuzi amepata habari wapi. Husaidia kuandika matangazo, kutunza orodha ya wateja, na kutafuta makundi, kama vile shule na vyama, yatakayonunua kwa pamoja.

Kisha hukutana na swali gumu kuliko yote, nalo ni punguzo. Tuseme, kwa mfano tu, viti ni 7,000 na bei ni dola 40. Vimeuzwa 5,000. Mwanagenzi anashauri viti 1,000 viuzwe nusu bei, dola 20, ziingie dola 20,000. Shauri zuri. Lakini msimu ujao, wateja 1,000 waliokuwa wakilipa dola 40 bila kunung'unika wanasubiri punguzo. Ukumbi unapoteza dola 20,000 zile zile, na mteja amekwisha kufundishwa kungoja.

Jambo hili familia ya Filene ililijua zamani. Ilikuwa na duka kubwa la nguo mjini Boston, na mwaka 1909 Edward Filene, baba mkubwa wa Mama Catherine, alifungua chini ya duka hilo sehemu ya bidhaa za bei ya kushuka. Kila bidhaa iliandikwa tarehe. Baada ya siku 12 za mauzo ilipunguzwa asilimia 25, baada ya 18 asilimia 50, baada ya 24 asilimia 75, na baada ya 30 ikatolewa sadaka. Mteja aliyengoja alijua kuwa mwenzake anaweza kuichukua kabla yake. Punguzo lilikuwa na masharti yanayojulikana, wala halikutolewa kwa hofu.

New York nayo ilipata dawa yake mwaka 1973, pale kibanda cha TKTS kilipofunguliwa Times Square. Tiketi zilizobaki huuzwa kwa punguzo siku ile ile ya onyesho, na mnunuzi hupanga foleni bila uhakika wa kupata anachotaka. Mwenye fedha hununua mapema. Mwenye muda hupanga foleni. Masoko mawili yametenganishwa.

NANI ALIPE?

Hapa ndipo penye mgogoro. Mwaka 1966 wachumi William Baumol na William Bowen walieleza kwa nini kumbi hizi hazina fedha: kundi la wapigaji wanne linahitaji watu wanne na muda ule ule kupiga muziki wa Beethoven, kama zamani, huku mishahara ikipanda pamoja na ya viwandani. Pengo huzibwa kwa misaada, na mara nyingine kwa vijana wasiolipwa.

Sheria imeingilia kati. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ya New York, katika kesi ya wanagenzi waliofanya kazi kwenye filamu Black Swan, ilisema lazima itazamwe ni nani anayefaidika zaidi, kijana au mwajiri. Wizara ya Kazi ya Marekani ilikichukua kipimo hicho mwaka 2018 kwa kampuni za faida. Mashirika yasiyo ya faida, zikiwemo kumbi nyingi, yamebaki na nafasi zaidi.

Lakini ruhusa ya sheria si faida. Asiyelipwa ni lazima awe na mzazi wa kumlipia chumba na nauli kiangazi kizima. Ukumbi unaochagua hivyo unapata watoto wa wateja wake wa zamani, nao unawatafuta wateja wapya ambao ofisini hakuna anayewajua. Rahisi ni ghali.

Wengi wetu hupokea vijana wa mafunzo kwa vitendo madukani na maofisini. Ushauri wa ukurasa huu ni mfupi. Mlipe kijana, angalau chakula na nauli. Mkabidhi hesabu moja aifuatilie mwenyewe tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kabla hajaondoka, aandike aliyojifunza juu ya wateja wako, la sivyo ataondoka nayo.

Mitaani husemwa biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa mwuza viti, jioni ndiyo soko lenyewe, na hesabu yake huonekana ukumbini mbele ya kila mtu.